Himaya ya Mtoto Asiye na Meno

Haya ninayoandika ni kweli tupu tangu herufi ya kwanza. Kama nimeongeza hata chembe, basi Mlima Hanang na ung'oke uhamie Singida, sisi wa kijiji cha Dirma tubaki tunatazama shimo. Asubuhi hii nimechungulia dirishani, mlima bado upo, umejifunika ukungu wake kama mgonjwa anayeona aibu. Kwa hiyo soma bila wasiwasi.

Mimi ni Tluway. Nilizaliwa Bashay, nikaendesha greda mpaka nikastaafu, nikahamia huku Hanang kwa sababu shamba lilikuwa bei nzuri na hapakuwa na mtu anayezijua hadithi zangu za zamani. Shule niliachia darasa la nne. Mengine nimejifundisha mwenyewe kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa nyama, ndiyo maana najua mwanzo wa habari nyingi na mwisho wa chache sana.

Chumba changu cha uani anakaa mpangaji, Mwalimu Kissa, binti wa Tukuyu aliyeletwa kufundisha sekondari yetu. Ana tabia njema na ugonjwa mmoja: anatunga hadithi. Anaziandika kwenye simu, na kila Ijumaa anarusha kipande kwenye kundi la WhatsApp, watu wa mikoa ambayo hata greda langu halijafika wanakisubiri kama mshahara. Hadithi yenyewe ilikuwa ya himaya iliyoko chini ya ziwa. Ziwa lenyewe alilichukua hapa hapa, lile dogo la kwenye kreta kule bondeni, ambalo maji yake yana magadi na ng'ombe wakiyanusa wanageuza shingo.

Siku moja napukuchua mahindi kwenye turubai, akaja na kigoda chake, uso umemshuka.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba mwalimu. Nani kafariki?"

"Hajafa mtu. Himaya yangu imekwama. Wasomaji wanasema haiogopeshi. Nimepanga vyeo vizuri kabisa: mfalme, chini yake mawaziri, halafu majemadari, wafanyabiashara, wakulima, watumwa."

"Hiyo si himaya, hiyo ni halmashauri," nikamwambia. "Na mwenyekiti wake namjua."

Akacheka bila kupenda. Nikamwambia, mwalimu, umemkuta mtu wa ajabu wa kumuuliza mambo ya wafalme. Sisi Wairaqw hatujawahi kuwa na mfalme. Tulikuwa na wazee, na mzee akijiona mkubwa kupita kiasi tulimwacha ahutubie ng'ombe wake. Ngazi tunayoijua huku ni moja tu: nani anamwamkia nani. Ukitaka kujua cheo cha mtu Dirma, usitazame viatu, sikiliza shikamoo inatokea upande upi.

"Basi nipangie kwa shikamoo," akasema, akatoa simu.

Hapo ndipo shetani wa uzee aliponikalia begani. Nikashika gunzi lililokwisha kupukuchuliwa, nikaligeuza kichwa chini.

"Huko chini ya ziwa," nikasema, "shikamoo inapanda kinyume. Mzee anamwamkia kijana, kijana anamwamkia mtoto, mtoto anamwamkia kichanga. Kwa nini? Kwa sababu watu wote wa himaya ile wametoka majini. Aliyetoka jana bado anakumbuka kule kulivyo. Aliyetoka zamani amesahau. Cheo chao ni kumbukumbu."

Kissa akaacha kutabasamu. Vidole vikaanza kukimbia.

"Kwa hiyo mfalme ni..."

"Mtoto wa mwisho kutoka majini. Baraza lake ni wanaonyonya. Hawasemi, kwa hiyo hawabishani, hakuna baraza lenye heshima kama hilo. Askari ni wanaotambaa, maana hawaogopi moto wala nyoka. Ukianza kusema umeanza kushuka, kila neno linaloingia linasukuma kumbukumbu moja itoke. Watu wazima ni wa kulima tu. Na chini kabisa ni sisi, wenye mvi. Tunaamkia kila mtu na kuchota maji."

"Na mfalme anatawala mpaka lini? Mpaka azaliwe mwingine?"

Nilipaswa kusema ndiyo na kuendelea na mahindi yangu. Lakini nilimwona anavyoniangalia, mdomo wazi, na mimi ni mtu ambaye akiona mdomo wazi lazima atie kitu.

"Mpaka aote jino la kwanza," nikasema. "Jino ni dalili kwamba amekubali chakula cha nchi kavu. Siku hiyo anarudishwa."

"Wapi?"

"Alikotoka."

"Anarudishwa na nani, babu?"

"Si nimekuambia wazee ndio wachota maji? Wanaijua njia."

Mwalimu Kissa akajifunika kitenge vizuri, ingawa jua lilikuwa bado kali. "Hii inatisha."

"Si ulitaka wasomaji wako waongeze bando?"

Akataka kujua mfalme anafananaje. Sikuwa na haja ya kufikiri. Ng'ambo ya uzio wa minyara, jirani yangu Rogathe alikuwa anaanua nguo, mwanawe Hilary mgongoni. Mtoto alikuwa na miezi mitatu. Baba yake yuko Mererani anachimba vito, kaja mara moja tu kumwona. Hilary alikuwa na macho ya kukaa mahali pamoja. Watoto wengi wa umri ule macho yanatangatanga, lakini yeye alikutazama kama mtu wa mizani anayesubiri uweke gunia. Nikamwonyesha Kissa kwa kidevu.

"Andika huyo."

Ijumaa kipande kikarushwa. Kissa akaniambia simu ilikuwa moto mkononi kwa ujumbe.

Jumapili baada ya ibada Rogathe alikuwa amesimama nje ya kanisa, mtoto kifuani, watu wanasalimiana. Akapita Mzee Tadeo. Tadeo ndiye mkubwa kuliko sisi wote, mimi mwenyewe ananiita kijana. Alifika mbele ya Rogathe, akasimama, akavua kofia yake ya sufi ambayo haivui hata mbele ya paroko, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Shikamoo," akasema.

Watu wakacheka. Rogathe naye akacheka. Wakafuata wazee wawili wa kilabuni, nao wakavua kofia. "Shikamoo." "Shikamoo." Kicheko kikapungua kidogo. Mtoto aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akatoa sauti. Wapo wanaosema alicheua maziwa. Mimi nilikuwa karibu na nasema alijibu, tena kwa ile sauti nzito ya mtu aliyekwisha zoea kuamkiwa.

Kissa alinishika mkono wa koti. "Babu, Mzee Tadeo ana simu?"

"Tadeo? Redio yenyewe anaifunika shuka akilala, eti isimsikilize."

"Sasa amejuaje?"

Nikapandisha mabega. Nilikuwa nafurahia, sikatai.

Furaha ile haikudumu. Wiki hiyo nilikwenda mashine ya kusaga na debe langu. Kwenye benchi alikaa Bibi Marieta, dada yake Tadeo, ambaye haoni tangu zamani na masikio yake yamekwisha kwa huo mtambo. Rogathe akaingia kimya, hajaamkia mtu, mtoto amelala mgongoni. Mashine inanguruma, huwezi kusikia hata mtu akikutukana. Bibi Marieta akageuza uso. Akaufuata mwendo wa Rogathe kwa macho yake meupe, kutoka mlangoni mpaka kwenye mizani, kama alizeti na jua. Akashuka kwenye benchi, akapiga goti kwenye pumba.

Midomo yake niliisoma: shikamoo. Mashine ilipozimwa ili kubadili gunia, bado alikuwa anarudia, taratibu, kama mtu anayekumbuka wimbo.

Hakuna aliyecheka. Nilibeba debe langu nikaondoka kabla ya kusagiwa.

Baada ya hapo ikawa kawaida, na kilichoniogopesha ni hiyo kawaida yenyewe. Wazee ambao sijazungumza nao, wengine wa vitongoji vya mbali, wakipita njia ya kwa Rogathe walikuwa wanapunguza mwendo na kuvua kofia. Ukimuuliza mmoja, "Ulikuwa unamwamkia nani pale?" anakushangaa. "Mimi? Sijamwamkia mtu."

Halafu kikaja kibuyu.

Rogathe alikikuta mlangoni asubuhi, kibuyu cha zamani, cheusi kwa moshi, na ndani yake maji kidogo, labda ya kufunika kidole. Aliyanusa, magadi. Akamwaga, akakitupa kibuyu nyuma ya zizi. Kesho yake kikawa mlangoni tena, maji yamezidi. Alinionyesha mwenyewe. Jioni alikuwa amefagia uwanja, ile michirizi ya ufagio ilikuwa bado mizuri kwenye vumbi, haijavunjwa na unyayo wa mtu wala wa kuku, na kibuyu kimekaa katikati yake kama kimeota.

Akamwaga, kikarudi, maji yamepanda. Alikitia chumvi, akakinyunyizia maji ya baraka, akakifungia stoo na kufuli. Asubuhi kipo mlangoni. Na mtoto akaanza kutoa udenda na kutafuna ncha ya kanga.

Rogathe alipanda basi akampeleka hospitali ya Haydom. Wakamwangalia mtoto, wakampima, wakamwambia, mama, fizi imevimba, ni meno tu, mtoto mzima kabisa, rudi nyumbani. Mama mwingine angefurahi. Rogathe alirudi, akashuka kwenye basi, akaja moja kwa moja kwangu kabla hata ya kufungua mlango wake.

Mwalimu Kissa alikuwa ananimiminia chai. Rogathe hakuamkia. Huyo ni binti ambaye hata nikiwa chooni aliniamkia kupitia mlango.

"Babu, nasikia wanafunzi wanasema. Kwenye simu ya mwalimu kuna mtoto, na mtoto huyo ni wangu. Ni kweli?"

Kissa akaweka birika chini. "Rogathe dada yangu, ni hadithi..."

"Nasikia jino likitoka anachukuliwa."

Hilary alikuwa ananitazama juu ya bega la mama yake.

"Fizi imevimba," akasema Rogathe. Sauti yake haikupanda. "Haydom wamesema ni jino. Kibuyu kimebaki vidole viwili kijae. Mimi silali, babu, nikilala naamka nimemkumbatia mpaka analia. Nimefunga mizigo niende kwa mama yangu, halafu nikafikiri, kibuyu kilichotoka stoo yenye kufuli kitashindwa kupanda basi? Nyie ndio mmempa ufalme. Mwondoleeni."

Kissa alifuta. Mbele ya macho yetu alifuta vipande vyote, akaandika kwenye kundi kwamba hadithi imekwisha, akatukanwa na watu wa mikoa saba, akajitoa. Asubuhi kibuyu kilikuwa pale pale, kimebaki kidole kimoja.

"Hawakusoma, babu," akaniambia Kissa. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wake, macho mekundu. "Bibi Marieta hakusoma. Nimefuta kwa watu ambao hawakuwa na shida. Na mimi sikuandika kibuyu. Wewe ulisema wachota maji, mimi nikaandika wachota maji. Kibuyu hakikutoka kwenye mdomo wako wala kwenye simu yangu. Kimetoka wapi?"

Nikamwambia sijui, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu ahamie kwangu kunisikia nikisema hivyo.

Nilikwenda kwa Rogathe. Ilikuwa saa moja ya asubuhi, ukungu umeteremka mpaka kwenye mapaa. Alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni, kibuyu miguuni. Maji yalikuwa yamefika shingoni. Hayakuakisi kitu. Niliinama nione uso wangu, nikaona weusi tu, na weusi ule ulikuwa na kina kuliko kibuyu.

Nilikivua kichwa changu kofia. Nikasema kwa sauti, nikielekea upande wa bondeni, na usinicheke, kwa sababu hata mbwa walikuwa wamenyamaza:

"Enyi mnaoleta maji. Huyu mtoto si mfalme wa mtu. Mimi Tluway ndiye niliyepanga vyeo, nikiwa napukuchua mahindi, kwa upuuzi wangu. Ninamvua. Kama kiti hakiwezi kukaa bure, aliyekichonga yupo, nyumba yake ni hii ya jirani, yenye bati jekundu."

Rogathe akakiinua kibuyu akakipiga juu ya jiwe la kusagia. Kikapasuka vipande vitatu. Maji yakatawanyika, tukasimama tunayatazama mpaka yakakauka.

Asubuhi iliyofuata nilifungua mlango wangu.

Kilikuwa pale. Kibuyu kile kile, vile vipande vitatu vimeshonwa kwa ukambaa, mishono midogo, safi, ya mikono isiyo na haraka. Ndani maji kidogo, ya kufunika kidole. Nilipitisha ulimi kwenye fizi zangu. Yamebaki meno manne. Kwa mpango nilioupanga mwenyewe mfalme anaondoka akiota la kwanza, na sikuwahi kusema lolote juu ya mtu anayepoteza la mwisho. Nikainama nikakishika. Kilikuwa na baridi, na kizito kuliko maji yaliyomo.

Nilipoinuka nikakuta akina mama wamejaa uani.

Hawakupiga kelele. Walikuja na fimbo zao na mashuka yao ya ngozi na ya dukani, Wairaqw kwa Wabarbaig, vijana kwa wazee, wakakaa chini nusu duara, Rogathe na mtoto katikati. Mbele yao Lucia, mama mkwe wa Rogathe, mjane wa rafiki yangu. Mama yake Lucia alikuwa Mbarbaig, na kwa Wabarbaig mwanaume akimkosea mama anayenyonyesha, hapelekwi polisi wala kwa mtendaji. Akina mama wanakaa kikao chao. Mwanaume hasemi mpaka aulizwe. Hata waume zao hawamtetei mkosaji. Sisi tunaoishi kati yao hatuwezi kujifanya hatuijui desturi hiyo, wengi wetu imetutoza ng'ombe.

"Shemeji," akasema Lucia, "umeshika nini?"

Nikatazama mikono yangu. "Kibuyu."

"Kimeshonwa na nani?"

"Sijui."

"Wewe si ulikuwa unashona viti vya greda?"

Akina mama wakaguna. Lucia akageuka. "Tadeo, njoo."

Sikuwa nimemwona. Alikuwa nyuma ya zizi langu, kofia mkononi, ananusa kitu kwenye ukucha.

"Sema ulichoniambia jana."

"Nilimwambia ukweli," akasema Tadeo, akinikwepa. "Kijana huyu alikuja kwangu Jumamosi na kopo la ugoro. Akasema, mzee, kesho baada ya ibada mvulie kofia mtoto wa Rogathe, umpe shikamoo, tumtishe yule mwalimu wa Tukuyu. Na wale wawili wa kilabuni aliwapa nusu kopo. Ugoro wenyewe una majivu mengi."

Mwalimu Kissa alikuwa amesimama mlangoni kwake. Alinitazama. "Babu," akasema tu.

Na wewe msomaji, usinitazame hivyo. Rudi juu usome tena. Niliandika kwamba Tadeo alivua kofia akasema shikamoo. Alivua, akasema. Ugoro wake ulitoka wapi hukuniuliza.

"Lakini Marieta sikumpa kitu!" nikasema.

"Hujaulizwa," akasema Lucia.

"Na maji si mimi! Lucia, kwa jina la marehemu mumeo, maji si mimi. Njoo unuse, uone baridi yake..."

"Mtu aliyetoa ugoro ili mtoto aamkiwe, anashindwa kutoa kibuyu? Kimekutwa mikononi mwako, asubuhi, mlangoni kwako. Tungekukuta na ndama wa mtu, ungesema kajileta?"

Kwa ndama ningesema hivyo hivyo.

Lucia akainuka. Ni mwanamke mfupi, lakini nilijiona nipo kwenye shimo. "Mwalimu ametusimulia vyeo vyako. Nimesikia mfalme, nimesikia wanaonyonya, wanaotambaa, nimesikia wazee. Mimi sikusoma, shemeji, nisaidie. Katika himaya yako yote, mama wa mtoto umemweka wapi?"

Nilitafuta. Naapa nilitafuta, nikashuka ngazi zile zote moja moja, kutoka kwa kichanga mpaka kwa mwenye mvi. Watu wangu walitoka majini. Walinyonya, lakini sikuwahi kujiuliza walimnyonya nani.

"Nilimsahau," nikasema.

"Alimsahau," Lucia akawaambia wenzake, kama anatafsiri. Kikao chote kikarudia kwa chini, alimsahau, alimsahau, kama upepo unapita kwenye mtama. Nywele za shingoni zikanisimama kuliko siku ya kibuyu.

"Ndiyo maana kila mtu aliweza kumtaka," akasema Lucia. "Mtoto hakuwa na mwenyewe. Rogathe, mshushe."

Rogathe akamshusha Hilary, akamkalisha mapajani. Akina mama wakasogea, goti kwa goti, mpaka hapakuwa na upenyo. Rogathe akatia kidole mdomoni mwa mtoto. Nikaona uso wake unabadilika.

"Limetoka," akasema.

Wote, hata wale waliosema ni mimi, waligeuka wakakitazama kibuyu. Kilikuwa kinatetemeka. Labda ilikuwa mikono yangu. Kutoka bondeni ukungu ulikuwa unapanda, na ndani yake kama kuna watu wengi wanavua kofia.

Lucia akaja akakichukua, akampa Rogathe. Rogathe hakuinuka. Akiwa amekaa pale pale, mtoto amemng'ang'ania kidole, akakiinamisha kibuyu kwa mkono mmoja akayamwaga maji nje ya duara.

"Huyu ana mama," akasema. Si kwa sauti kubwa. "Na yule babu mwongo naye alizaliwa na mtu. Mwacheni."

Maji hayakuzama kwenye vumbi. Yalijikusanya, yakawa uzi mmoja mwembamba, yakapita kati ya miguu yangu, yakapanda kile kilima cha nyuma ya nyumba na kushuka upande wa pili kuelekea ziwani. Waulize akina mama waliokuwepo. Watakuambia hawakuona, walikuwa wanamtazama Hilary, ambaye alikuwa amemng'ata mama yake na mama yake anacheka huku machozi yanamshuka. Kibuyu hakijaonekana tena kwa mtu yeyote. Rogathe alilala siku hiyo mchana kutwa, Lucia amekaa mlangoni na fimbo.

Lakini kabla Rogathe hajaenda kulala, kikao kilikuwa bado hakijafungwa.

"Faini, dume jeusi," akasema Lucia. "Lisilo na doa."

"Lucia, dume jeusi ninalo moja tu, ndilo linalovuta jembe. Lipo la kahawia, limenenepa kuliko..."

"Jeusi."

"Basi angalau kosa la maji mlitoe. La ugoro nakubali, la kumsahau mama nakubali, lakini la maji..."

"La maji tumelitoa," akasema mama mmoja wa Kibarbaig kutoka nyuma. "Lingekuwemo yangekuwa mawili."

Wakacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Nikaenda zizini. Dume lilinitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha sikia habari. Nililifunga kamba, nikalitoa, nikalipitisha mbele ya Tadeo ambaye alijifanya anatafuta kitu kwenye koti, nikamkabidhi Lucia.

Lucia akaipima kamba kwa mkono, akasema ni fupi, mtu akilivuta kwa hiyo atapigwa pembe, nilete nyingine. Nikaleta.